Jua Haki Zako: Mwenye ufunguo si lazima awe mwenye nyumba

Karibu kila mwenye laini ya simu Tanzania ameshapata ujumbe wa mtu anayejiita mwenye nyumba wake, akimtaka atume kodi kwenye namba nyingine. Wengi huufuta. Anayeumia ni yule ambaye ujumbe umemkuta siku anayodaiwa kweli, au aliyeko Muscat, Moroni au Lubumbashi akitafuta chumba Dar es Salaam kwa simu, hajui sura ya mwenye nyumba wala sauti yake.

Kariakoo na mitaa ya katikati ya jiji ina ugumu wake. Jengo moja linaweza kuwa la warithi kadhaa, likasimamiwa na mmoja wao, likakodishwa lote kwa mfanyabiashara ambaye naye anakata fremu na vyumba na kupangisha wengine, huku ufunguo ukiwa kwa dalali. Tapeli hana haja ya kuvunja mlango. Anakufungulia chumba mchana kweupe, anawasha taa, anafungua bomba uone maji yanatoka, kisha anapokea kodi ya miezi sita. Siku ya kuhamia unakuta wenzako wawili na mabegi yao, na kila mmoja ana risiti ya chumba hicho hicho.

Kwa hiyo, kabla ya kuuliza kodi ni kiasi gani, uliza: huyu ana haki gani ya kunipangisha? Kisheria mtu hawezi kukupa haki ambayo yeye mwenyewe hana.

Nani anaweza kukupangisha

Ni mmiliki mwenyewe. Msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama, kama mmiliki amefariki. Mtu aliyepewa na mmiliki hati ya uwakilishi. Au mpangaji mwenye ruhusa ya mmiliki ya kupangisha wengine, na ruhusa hiyo uione kwa maandishi. Mtoto wa marehemu asiye na barua ya mahakama hatoshi, hata kama amezaliwa ndani ya nyumba hiyo.

Dalali hayumo katika orodha hii. Kazi yake ni kuwakutanisha. Hana mamlaka ya kupokea kodi mpaka mmiliki amempa, na mamlaka hayo uyasikie kwa mmiliki, siyo kwa dalali. Tena, amri ya serikali ya mwaka 2025 iliyowazuia wasio raia kufanya baadhi ya biashara ndogondogo iligusa pia udalali wa nyumba. Kama wewe ni mgeni na dalali wako ni mwenzako wa kutoka nyumbani, jua kwamba kazi yenyewe imekatazwa kwake.

Jinsi ya kuhakikisha

Omba nakala ya hati au leseni ya makazi, ulinganishe jina na kitambulisho cha taifa cha anayekupangisha. Kwa nyumba yenye hati, unaweza kulipia upekuzi kwa Msajili wa Hati ujue mmiliki aliyesajiliwa ni nani. Kisha nenda ofisi ya serikali ya mtaa. Mwenyekiti na mtendaji huwa wanajua nyumba ya nani, na nyumba ipi ina ugomvi wa warithi. Waulize na wapangaji wa chumba cha jirani kodi yao wanampa nani. Lakini usiutegemee muhuri wa mtaa peke yake: unaonyesha kwamba ofisi imeyaona makubaliano, haumgeuzi asiye mmiliki kuwa mmiliki.

Upanga, Kisutu na mitaa ya mjini yenye majengo ya zamani, fleti nyingi ni za Shirika la Nyumba la Taifa, NHC. Huko mkataba unafungwa na shirika lenyewe na malipo yanapita kwa namba ya kumbukumbu ya malipo ya serikali, si kwa simu ya mtu. Mpangaji anayetaka umpe mamilioni ili "akuachie" fleti ya shirika anakuuzia kitu kisicho chake. Nenda kwanza ofisi ya NHC inayosimamia jengo hilo.

Kwa fremu za biashara kuna kilemba, fedha anayodai mpangaji anayetoka ili akupishe. Kilemba hakikuwekwa na sheria, ni makubaliano tu, na hatari yake ni hii: unampa anayetoka, halafu mwenye jengo anasema hakutambui. Usilipe kilemba kabla mwenye jengo hajasaini mkataba wako mpya.

Fedha itoke lini

Sheria ya Kudhibiti Pango ya 1984 ilifutwa mwaka 2005, hivyo kiwango cha kodi na idadi ya miezi ya kulipa mbele ni makubaliano yenu. Unaweza kubembeleza miezi mitatu badala ya sita. Ukikataliwa, hakuna sheria iliyovunjwa. Kodi ya mwezi mmoja anayodai dalali ni desturi ya mjini. Kubali kuilipa, lakini baada ya kusaini na kukabidhiwa chumba.

Kodi iingie akaunti ya benki yenye jina lililo kwenye mkataba. Ukilipa kwa simu, soma jina linalotokea kabla ya kuweka namba ya siri. Maneno "litatokea jina la shemeji yangu" yakutoshe kusimama hapo hapo. Nawe uliye nje ya nchi, usitume hela ya kushikia chumba kwa sababu ya picha au video. Mwenye ufunguo anaweza kukupigia video akiwa ndani. Mtume ndugu akafanye uhakiki huu, au fikia nyumba ya wageni kwa siku chache utafute mwenyewe. Ukiambiwa wapo watatu wanaolipa jioni hii, waache walipe.

Mkataba

Upangaji wa mwaka mmoja au pungufu unaweza kuwa wa mdomo na bado ukatambulika. Shida ni kuuthibitisha. Andikeni majina kamili, namba za vitambulisho au pasipoti, mtaa, namba ya nyumba na ya chumba, kodi, muda, na akaunti iliyopokea. Mlipie na ushuru wa stempu, asilimia 1 ya kodi ya mwaka. Mkataba usiolipiwa stempu haupokelewi mahakamani kama ushahidi mpaka ushuru na faini vilipwe.

Ukishatapeliwa

Dakika za mwanzo zina thamani. Piga 100, huduma kwa wateja ya mtandao wako, uombe muamala uzuiwe. Ujumbe wa utapeli na namba iliyoutuma viripoti kwa Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, TCRA, kupitia 15040. Usifute chochote: ujumbe, risiti na picha ni ushahidi wako.

Kisha nenda polisi. Kwa Kariakoo, Kituo cha Msimbazi kipo hapo hapo. Toa maelezo, uchukue namba ya RB, yaani kumbukumbu ya taarifa yako kituoni. Kujipatia fedha kwa udanganyifu ni kosa chini ya Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, na adhabu yake inafika kifungo cha miaka 7. Utapeli uliofanyika kwa simu au mtandaoni unaingia pia kwenye Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015. Kama mmelipia chumba kimoja watu watatu, nendeni pamoja. Mmoja akilalamika, dalali atasema ni kutoelewana tu. Watatu wenye risiti za chumba kimoja wanaonyesha nia.

Jinai humwadhibu mtu, lakini fedha yako inaweza kuhitaji madai. Mkataba uliopatikana kwa udanganyifu unaweza kutenguliwa na aliyedanganywa, akadai alichotoa. Madai ya fedha yasiyozidi shilingi milioni 30 yanaweza kufunguliwa Mahakama ya Mwanzo. Mgogoro wa upangaji wenyewe unakwenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Baraza la Kata, tangu marekebisho ya sheria ya 2021, linasuluhisha tu, halitoi hukumu.

Asiye na uwezo wa kulipa wakili ana haki ya kuomba msaada chini ya Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017. Mashirika ya msaada wa kisheria kama LHRC, WLAC na TAWLA hutoa ushauri kwa wasio na uwezo. Nenda na nakala za risiti, ujumbe na namba ya RB. Ukifika navyo, mshauri anaweza kuanza na kesi yako siku hiyo hiyo badala ya kukurudisha ukavitafute.