TV Kubwa au Projekta? Anza na Dirisha la Sebule

Ukiingia duka la vifaa vya umeme na hela ya TV ya inchi 65, muuzaji hakosi kukuonyesha na projekta inayoahidi inchi 120 kwa bei hiyo hiyo au pungufu. Kishawishi ni kikubwa. Kabla hujatoa hela, pitia haya.

1. Kumbuka saa unazotazama

Hili ndilo linaloamua karibu yote. Mechi ya mapema ya Jumamosi ya Ligi Kuu ya Uingereza huanza kwetu saa 8 na nusu mchana, au saa 9 na nusu Waingereza wakisharudisha saa zao nyuma. Dabi ya Simba na Yanga mara nyingi hupigwa saa 11 jioni. Jua la Dar es Salaam au Mombasa halizami kabla ya saa 12, na pazia jepesi haliwezi kulizuia. Katika mwanga huo projekta ya bei ya kawaida inaonyesha nyasi zilizopauka na jezi usizoweza kuzitofautisha. Hapo chukua TV, wala usijiulize mara mbili. Lakini kama wewe ni wa Ligi ya Mabingwa Ulaya, ambayo mechi zake nyingi huanza saa 4 au saa 5 usiku, au ni mtu wa filamu watoto wakishalala, projekta itakupa raha ambayo TV ya bei hiyo haiwezi kukupa.

2. Jua weusi wa picha unatoka wapi

Projekta hutoa mwanga. Haiwezi kutoa giza. Sehemu nyeusi ya picha ni ukuta wako tu, pale usipopigwa mwanga. Kwa hiyo kaa kwenye kochi saa ile unayotazama, zima taa, uangalie ukuta. Rangi unayoiona ndiyo itakayokuwa nyeusi ya kila filamu yako. Ukiona kijivu, tukio la mtu anayenyemelea usiku litakuwa ukungu mtupu. TV za OLED huzima kila nukta peke yake, na kwa weusi hakuna projekta ya nyumbani inayozifikia.

3. Chora picha ukutani kabla ya kununua

Inchi hupimwa kutoka kona hadi kona, ndiyo maana zinadanganya macho. TV ya inchi 65 ina upana wa sentimita 144 na kimo cha 81. Inchi 100 ni 221 kwa 125, na inchi 120 ni 266 kwa 149. Bandika utepe wa karatasi ukutani kwa vipimo hivyo, kisha ukae mahali pako. Mimi hupendelea umbali wa mara moja na nusu hadi mara mbili ya upana wa picha: kwa inchi 65 ni kama mita 2.2 hadi 2.9, kwa inchi 120 ni mita 4 na kuendelea. Sebule nyingi za nyumba za kupanga hazina mita hizo.

Projekta nayo inadai nafasi yake. Nyingi zinahitaji kama mita 3 kutoka ukutani ili zitoe inchi 100, na kila anayepita katikati na sinia ya chai anaacha kivuli kwenye picha. Ifunge darini kama unaweza. Zipo zinazokaa karibu kabisa na ukuta, ila bei yake ni ya juu na ukuta lazima uwe umenyooka sawasawa.

4. Usiamini maandishi ya boksi

Boksi likisema projekta inapokea 4K, maana yake inakubali video hiyo, si kwamba inaionyesha. Uliza pikseli zake halisi. Zikiwa chini ya 1920 kwa 1080, achana nayo. Lumeni nazo, yaani kipimo cha mwanga wake, uliza kama ni za ANSI au ISO. Zisizo na jina huwa zimekuzwa mno. Na ukitanua picha kutoka inchi 100 hadi 120, mwanga ule ule unatandazwa kwenye eneo kubwa zaidi kwa asilimia 44, hivyo picha inafifia.

5. Tenga hela ya spika

Spika ya projekta ni ndogo, na ikiwa nyuma yako, mtangazaji anakusemea kisogoni. Weka sabufa mbele na uiunganishe kwa waya. Bluetooth mara nyingine huchelewesha sauti, mdomo wa mwigizaji ukawa umeshafunga ndipo neno linasikika.

6. Fikiria umeme wa mtaa wako

Taa ya projekta ya kawaida huishi saa 3,000 hadi 5,000. Ukitazama saa 4 kwa siku, saa 4,000 zinaisha ndani ya miaka mitatu, na taa mpya si rahisi kupatikana kila mji. Za leza hufika saa 20,000. Kama umeme wenu hukatika ovyo, epuka zenye taa: umeme ukienda, feni inasimama taa ikiwa bado ya moto, na hilo huifupishia maisha. TV nayo iwekee kifaa cha kuilinda na umeme unaopanda na kushuka.

7. Pima mlango na ngazi

Kwa TV ya inchi 98, boksi lake lina urefu unaozidi mita 2.2. Kona ya ngazi za ghorofa ya tatu haina huruma nalo.

8. Ukiwa bado njia panda, kodi

Wanaokodisha vifaa vya semina na harusi wana projekta. Chukua moja kwa wikiendi, weka mechi ya mchana na filamu ya usiku kwenye ukuta wako mwenyewe, na mruhusu kila wa nyumbani akae pale anapokaa siku zote. Kufikia Jumapili usiku utakuwa unajua ununue nini.