"Mtandao Uko Chini": Namna ya Kutafuta Chanzo Mafaili ya Ofisi Yanapochelewa Kufunguka

Mkazi wa Mbagala, Chamazi, Bunju au Mabwepande aliyewahi kufuata huduma katika dirisha la ofisi analifahamu jibu hili: "Mtandao uko chini, subiri kidogo." Jibu hilo limezoeleka kiasi kwamba halihojiwi tena. Mwananchi hurudi kwenye benchi, mtumishi huendelea kutazama kiduara kinachozunguka kwenye kioo, na wote wawili huamini kuwa tatizo liko mbali, huko baharini au kwa mtoa huduma wa intaneti. Mara nyingi sivyo. Somo hili linahusu hali ambapo faili linalotafutwa limo katika seva iliyomo ndani ya jengo lilelile, hatua thelathini kutoka alipoketi mtumishi, na bado linachukua dakika kadhaa kufunguka.

Ni vyema tuanze kwa kutenganisha njia mbili ambazo watu huziita kwa jina moja la "mtandao". Njia ya kwanza hutoka ofisini kwenda nje. Ndiyo inayotufikisha kwenye mifumo kama TAUSI na kwenye barua pepe, na ndiyo iliyozorota nchi nzima mwezi Mei 2024 mikongo ya EASSy na SEACOM ilipopata hitilafu baharini. Njia ya pili haitoki nje ya jengo kamwe: huanzia kwenye kompyuta ya mtumishi, hupitia ruta au swichi, na huishia kwenye seva inayohifadhi mafaili ya ofisi. Mkongo ukikatika, njia hii ya pili haiguswi. Kadhalika, ofisi ikilipia kifurushi kikubwa zaidi cha intaneti, njia hii haipati kasi yoyote mpya. Fedha za umma zimewahi kutumika hivyo, na faili likaendelea kuchelewa kama jana.

Mfano tutakaoutumia ni wa ofisi moja iliyo pembezoni mwa jiji, ambayo hakuna haja ya kuitaja. Watumishi wanne walikuwa wakitumia kompyuta mpakato zilizounganishwa kwa mtandao pasiwaya, yaani waifai. Fomu za wananchi zilikuwa zimeskaniwa na kuwekwa katika folda moja kwenye seva. Kuinakili folda hiyo kulichukua dakika karibu saba; kufungua fomu moja tu, nusu dakika au zaidi. Foleni ilirefuka hadi barazani. Hatimaye mtumishi mmoja, kwa nia njema kabisa, alianza kunakili fomu hizo kwenye flashi na kuzishughulikia nyumbani jioni.

Hapo ndipo jambo la kiufundi lilipogeuka kuwa jambo la kisheria. Fomu hizo zilikuwa na majina, namba za simu, makazi na namba za vitambulisho. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inamtaka anayekusanya taarifa hizo azilinde zisipotee wala zisifike kwa asiyehusika. Flashi iliyomo mfukoni ndani ya daladala ya Mbagala Rangi Tatu haina ulinzi wowote. Mtumishi yule hakuwa mtovu wa nidhamu. Alikuwa amechoka kuwaomba watu radhi.

Kipimo cha kwanza ni waya

Fundi mwenye haraka huanza kubadilisha mipangilio. Fundi mwenye busara huanza kwa kuchukua waya wa mtandao, kuchomeka kompyuta moja moja kwa moja kwenye swichi, kuzima waifai ya kompyuta hiyo, na kufungua faili lilelile lililokuwa likichelewa. Kipimo hiki hakihitaji zaidi ya dakika tano na hugawanya tatizo katikati. Faili likifunguka upesi kwa waya, kosa liko hewani. Likichelewa vilevile, basi waifai inasingiziwa, na inafaa kuichunguza seva, swichi au kompyuta yenyewe.

Katika ofisi ile folda ilinakiliwa kwa sekunde kumi na kitu. Kutoka dakika saba! Wengi waliokuwepo walisema kuwa hiyo ni tofauti ya "kasi", na walitaka kununua ruta yenye kasi kubwa zaidi. Neno hilo linahitaji kufafanuliwa, kwa sababu ndilo linalowapotosha wanunuzi.

Upana wa njia ni jambo moja, na muda wa kwenda na kurudi ni jambo jingine. Mfikirie mtoto anayetumwa dukani. Akipewa orodha nzima na kapu, anakwenda mara moja na kurudi na kila kitu. Lakini akitumwa kiberiti, arudi, kisha atumwe chumvi, arudi, kisha majani ya chai, hata barabara ingekuwa pana kama Barabara ya Kilwa haimsaidii. Kinachomchosha ni idadi ya safari. Kompyuta zinazotumia Windows husoma mafaili ya seva kwa utaratibu uitwao SMB, na utaratibu huo hutuma mtoto dukani mara nyingi: kuuliza kama faili lipo, kuuliza ruhusa, kulifungua, kulisoma, kulifunga.

Tuseme folda ina mafaili madogo 2,000 na kila faili linahitaji safari 5. Hizo ni safari 10,000. Kwa waya, safari moja huchukua milisekunde 1 au pungufu, hivyo jumla ni sekunde 10. Kwa waifai iliyoelemewa ambapo safari moja ni milisekunde 40, jumla ni sekunde 400, yaani dakika 6 na sekunde 40. Upana wa njia haujaguswa popote katika hesabu hii. Ndiyo maana mtumishi anaweza kutazama video bila kukwama kwenye waifai ileile inayomshinda kufungua folda ya fomu: video huja kwa mafungu makubwa na huhifadhiwa kabla ya kuonyeshwa, ilhali fomu ndogo ndogo huja kwa safari.

Kipimo cha pili kinatokana na hesabu hiyo. Fungua dirisha la amri katika Windows na uandike ping -n 100, ikifuatiwa na namba ya anwani ya seva, mathalani 192.168.1.10. Kompyuta itaigongea seva mlango mara 100 na kuandika muda wa kila jibu. Waifai nzuri hujibu kwa milisekunde chache, na majibu yote hufanana. Waifai mbaya hujibu 3, kisha 5, kisha 180, kisha 4, kisha jibu linapotea kabisa. Usiridhike na wastani unaoandikwa mwishoni. Tazama mayumbo, kwani wastani huficha maradhi. Rudia kipimo saa moja asubuhi kabla wenzako hawajafika, na urudie saa nne foleni ikiwa imepamba moto. Tofauti kati ya saa hizo mbili inasema mengi.

Kwa nini hewa husongamana

Waya mmoja unaotoka kwenye swichi ni wa kompyuta moja. Hewa ni ya wote. Katika waifai, chombo kimoja huzungumza na vingine vyote vinavyotumia chaneli hiyo hunyamaza, na viwili vikizungumza kwa pamoja maneno yote hupotea, ikabidi kurudia. Simu za watumishi na za wageni waliopewa neno la siri, printa, na hata kamera za ulinzi, vyote vinasubiri zamu. Chombo kilicho mbali sana ni kero kubwa kuliko vyote, maana huzungumza polepole na kushikilia hewa kwa muda mrefu ili kusema jambo lilelile ambalo aliye karibu angelisema kwa mara moja.

Majirani nao wamo. Katika maeneo yetu nyumba zimekaribiana: duka la miamala ya simu, steshenari, baa na saluni, kila mmoja na ruta yake. Nyingi za ruta hizo hutumia masafa ya gigahezi 2.4, ambako kuna chaneli tatu tu zisizoingiliana, yaani ya 1, ya 6 na ya 11. Anayechagua chaneli ya 3 akidhani amejitenga anapigiwa kelele na wa 1 na wa 6 kwa pamoja. Tanuri la maikrowevu linalopasha chakula cha mchana nalo hufanya kazi katika masafa hayohayo. Masafa ya gigahezi 5 yana chaneli nyingi zaidi na utulivu zaidi, ila hayapenyi kuta vizuri. Yanafaa kwa chumba kilekile ilimo ruta au chumba kinachopakana nacho. Amri ya netsh wlan show interfaces huonyesha chaneli mnayotumia na nguvu ya mawimbi kwa asilimia, na netsh wlan show networks mode=bssid huonyesha chaneli za majirani.

Kisha kuna jengo lenyewe. Ukuta wa tofali za saruji hupunguza mawimbi. Zege lenye nondo huyapunguza zaidi. Kontena la chuma lililogeuzwa kuwa ofisi, pamoja na mabati, huyarudisha yalikotoka. Katika ofisi ya mfano wetu ruta haikuonekana popote. Tulipouliza, tulionyeshwa kabati la chuma la kuhifadhia majalada. Ilikuwa imefungiwa humo kwa kufuli miezi mingi, kwa hofu ya wezi. Hofu ilikuwa ya haki, lakini mawimbi yote yalikuwa yakichungulia kupitia upenyo wa mlango. Ruta ilitolewa na kufungwa juu ukutani, katikati ya chumba. Wanaotaka kuilinda kwa kizimba wakumbuke kwamba wimbi la gigahezi 2.4 lina urefu wa sentimita 12 hivi. Kizimba cha wavu wa chuma wenye matundu madogo ni kabati jingine tu.

Niseme pia neno juu ya vile vifaa vidogo vinavyochomekwa kwenye soketi ili "kuvuta" mawimbi yafike mbali. Vile vya bei nafuu husikiliza na kurudia kila neno katika chaneli ileile, hivyo hula karibu nusu ya uwezo. Vinafaa kwa simu ya sebuleni. Kwa mafaili ya ofisi, ni afadhali kuvuta waya hadi chumba cha pili na kuweka kituo kingine cha waifai huko. Waya wa kawaida wa mtandao hufika mita 100 bila shida, urefu ambao majengo mengi ya kata hayaufikii.

Na seva isiunganishwe kwa waifai hata siku moja. Ikiwa seva nayo iko hewani, kila faili hupita hewani mara mbili, kutoka seva hadi ruta na kutoka ruta hadi kwa mtumishi.

Hewa ikiwa safi na bado kuna ucheleweshaji

Mara nyingine kompyuta husimama sekunde ishirini au thelathini kabla ya kuonyesha folda yoyote, kisha mengine yote huenda upesi. Hiyo si dalili ya waifai mbovu. Tazama kama kuna diski za mtandao zilizounganishwa zamani na seva ambayo haipo tena. Windows huitafuta kwa uaminifu kila mara na kusubiri jibu la marehemu. Ziondoe. Jaribu pia kuifungua seva kwa namba ya anwani badala ya jina lake: namba ikifunguka mara moja na jina likasitasita, kosa liko katika kutafsiri majina. Programu ya kuzuia virusi inayokagua kila faili la mtandao linapofunguliwa ni chanzo kingine, lakini haifai kuzimwa kiholela. Mwachie mtaalamu apange namna ya kukagua mafaili hayo kwenye seva yenyewe.

Wapo wanaoshauri kurudisha toleo la kwanza la SMB ili kompyuta za zamani zisome folda bila usumbufu. Tafadhali msifanye hivyo. Udhaifu uliokuwemo katika toleo hilo ndio uliopitiwa na kirusi cha WannaCry mwezi Mei 2017, kilichofunga mafaili ya taasisi nyingi duniani, zikiwemo hospitali za Uingereza, na kudai fidia.

Daftari linaloandikwa na watu kadhaa kwa pamoja, hasa lililotengenezwa kwa Microsoft Access, lisifunguliwe kwa waifai. Muunganisho ukikatika katikati ya kuandika, linaweza kuharibika lote, si ukurasa mmoja tu. Anayeingiza kumbukumbu za malipo au za chanjo za watoto apewe waya kwanza, kabla ya meneja. Najua shauri hilo halitapendwa na kila mtu.

Unapopiga simu kitengo cha TEHAMA, usiseme "mtandao uko chini". Sema tarehe na saa, kompyuta ipi, umeketi umbali gani na ruta na kuna kuta ngapi katikati, kama umejaribu kwa waya na matokeo yake, na usome mistari michache ya ping. Ukisema hivyo, fundi atajua achukue nini kabla ya kupanda bodaboda.

Katika ofisi ile, ruta ilipotoka kabatini, chaneli ikahamishwa kutoka ya 3 kwenda ya 11, na kompyuta mbili za dirishani zikapewa waya, folda ilinakiliwa kwa waifai kwa sekunde arobaini na kidogo, na fomu moja ilifunguka kabla mwananchi hajamaliza kutaja jina lake. Flashi ilikabidhiwa kwa mkuu wa ofisi, mafaili yake yakahakikiwa kwenye seva, kisha ikafutwa mbele ya mashahidi wawili.