Wazo Lisilofukuzika

Mama ampakataye mtoto wake mchanga aweza kujiwa ghafla na wazo la kutisha: “Je, nikimtupa chini?” Hulifukuza, nalo hurudi. Ndipo aanzapo kujiona mwovu.

Mwaka 1987 Daniel Wegner, mtaalamu wa saikolojia wa Marekani, na wenzake walitangaza jaribio lao. Wanafunzi waliagizwa kusema kwa dakika 5 yote yapitayo akilini, ila wasimfikirie dubu mweupe; akiwajia, wapige kengele. Mnyama huyo wa nchi za barafu, ambaye pengine hawakumwaza mwaka mzima, hakuwatoka! Waliporuhusiwa baadaye kumfikiria, walimfikiria kuliko wenzao walioruhusiwa tangu mwanzo.

Wegner alieleza kwamba tujikatazapo wazo, sehemu moja ya akili hutafuta mambo mengine, na sehemu nyingine hulinda mlango. Lakini mlinzi huyo, ili amtambue mgeni aliyekatazwa, hana budi kumkumbuka. Nasi tukichoka, yeye ndiye abakiye macho. Na nani achokaye kama mama wa mtoto mchanga?

Basi asijihukumu. Wazo lililokuja bila kuitwa si nia. Aliache lipite, asibishane nalo, aendelee kumbembeleza mtoto. Likimnyima usingizi siku nyingi, amweleze mwuguzi wa kliniki waziwazi.