NYUMBA KUUKUU INAUZWA: TUIKAGUE KWANZA

Katika kisomo tulijifunza kusoma matangazo. Leo tusome hili:

INAUZWA. Nyumba ya mawe ya zamani, vyumba 4. Imeungana ukuta na nyumba ya jirani. Inahitaji matengenezo. Shilingi 9,000,000.

Ndugu mmoja alituletea tangazo kama hilo. Alikuwa na shilingi 10,000,000 za korosho, akiba ya miaka mingi. "Bei rahisi," akasema, "na milioni moja itabaki ya rangi." Tulimwomba asubiri. Yale maneno mawili, "inahitaji matengenezo", ni mafupi lakini yanakula fedha.

Nyumba hizi zilijengwaje?

Katika miji ya kale ya mwambao, kama Bagamoyo, Pangani na Kilwa Kivinje, nyumba za mawe zilijengwa kwa matumbawe na chokaa. Dari ilibebwa na boriti za mikoko. Adui yake mkubwa ni maji. Paa likivuja, boriti huoza na ukuta hulegea.

Tukague nini?

1. Paa. Nenda siku ya mvua. Siku hiyo nyumba haisemi uongo.

2. Boriti. Choma kisu pale boriti inapoingia ukutani. Kikizama kama kwenye muhogo uliochemshwa, imeoza.

3. Ukuta. Tazama nyufa na unyevu. Usifunike unyevu kwa lipu ya saruji. Saruji huziba, maji hubaki ndani, ukuta unaharibika. Ukuta wa chokaa hutengenezwa kwa chokaa.

4. Jirani. Ukuta wa kati ni wenu wawili. Ukibomoa upande wako, umemgusa na yeye. Zungumzeni kwanza.

5. Hati. Hakikisha muuzaji ndiye mwenye haki ya kuuza. Nyumba ya urithi, warithi wote wakubali. Nyumba ya mke na mume, Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 hairuhusu mmoja kuiuza bila ridhaa ya mwenzake. Tena, majengo mengine ya kale yanalindwa na Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964. Uliza halmashauri kabla ya kubomoa.

Tupige hesabu

Yule ndugu alirudi kwenye nyumba na fundi mwashi. Wakaandika:

Bei ya nyumba: 9,000,000
Kuezeka upya: 2,400,000
Boriti na dari: 1,100,000
Lipu ya chokaa: 500,000
Jumla: 13,000,000

Kumbe zilipungua shilingi 3,000,000! Angelipa siku ile ile, angelala chini ya paa linalovuja, na mfuko mtupu. Alimpelekea muuzaji karatasi ile. Muuzaji aliisoma, akashusha bei hadi 6,500,000.

Maswali

1. Jumla mpya ni shilingi ngapi?
2. Zinapungua ngapi?
3. Kazi ipi inaweza kungoja msimu ujao? Ipi haiwezi? Kwa nini?
4. Wewe ungenunua? Jadilianeni nyumbani, mke na mume.

Maneno mapya

Matumbawe: mawe yatokanayo na viumbe wa baharini.
Ridhaa: kukubali kwa hiari.