Somo la Pamba: Uzi Mzuri Hutoka katika Mbegu

Ndugu walimaji, mbona pamba moja hupata bei kubwa na nyingine bei ndogo? Sikilizeni.

1. Uzi ni nini? Uzi wa pamba huota juu ya ganda la mbegu, kama unywele juu ya ngozi. Ua likiisha kufunguka, uzi hurefuka majuma kama matatu. Kisha hunenepa ndani, upate nguvu. Mti ukikosa maji au ukiliwa na wadudu siku hizo, uzi hubaki dhaifu, na mashine ya kusokota huukata.

2. Kazi ya mwenye elimu. Bwana Joseph Hutchinson, Mwingereza, alichunguza namna miti ya pamba inavyorithi tabia za wazazi wake. Tangu 1949 hata 1957 aliongoza kituo cha Namulonge, Uganda. Wachaguzi wa mbegu hutazama mti mmoja mmoja. Hupima mavuno yake, urefu na nguvu ya nyuzi zake, na kama unashinda magonjwa. Mbegu za mti mzuri hupandwa mbali na nyingine, na watoto wake hupimwa tena. Ulio mbaya hutupwa. Hiyo ni kazi ya miaka mingi. Ndiyo njia Uganda ilivyopata mbegu za BPA, na zile za SATU za Serere. Huku Kongo kazi ya namna hiyo ilifanywa Bambesa, katika Uele, na INEAC, iliyoanzishwa 1933.

3. Kazi yako wewe. Kazi ya miaka kumi yaweza kuharibika kwa kitunga kimoja. Nyuzi ndefu zikichanganywa na fupi, msokotaji hawezi kutengeneza mashine yake ifae zote mbili. Atalipa bei ya zile fupi. Tena nyuki huchukua unga wa maua toka shamba hata shamba, na mbegu za mwaka ujao huwa mchanganyiko. Kwa hiyo:

a) Panda mbegu uliyopewa tu, usiongeze ya jirani.
b) Vuna pamba iliyofunguka na kukauka.
c) Pamba nyeupe kitunga chake, yenye madoa kitunga chake.
d) Mavuno yakiisha, ng'oa miti yote uichome, wadudu wasipate makao.

Nawe wa Kibua usiyelima pamba, shika sheria ile ile kwa mahindi yako: chagua mbegu shambani, mti ukiwa umesimama, wala si katika kitunga. Katika kitunga unaona punje tu. Mzazi wake humwoni.

Maswali: Uzi huota wapi? Kwa nini mti hupimwa mmoja mmoja? Nani hupata hasara mbegu zikichanganywa?