Homoni Inaonyesha Mwendo, Haionyeshi Mahali

Swali: Daktari, kipimo cha mkojo kimetoa mistari miwili, lakini altrasaundi haioni kitu ndani ya mfuko wa uzazi. Ndiyo mimba imetunga nje?

Jibu: Si lazima. Huenda bado ni changa mno, huenda inatoka, au kweli imetunga nje, mara nyingi kwenye mrija wa uzazi. Hapo ndipo tunapopima damu kutafuta hCG, homoni ya chembe zitakazojenga kondo la nyuma. Chembe hizo huitoa popote zilipojishikiza, kwa hiyo karatasi ya maabara haikuambii mimba iko wapi.

Swali: Sasa ina faida gani?

Jibu: Tunatazama mwendo wake. Tunapima leo, tunarudia baada ya saa 48, ikiwezekana maabara ileile, maana mashine hutofautiana. Kwa mimba changa iliyo mahali pake, hCG ikiwa imeanza chini ya yuniti 1,500 kwa lita, kwa kawaida hupanda angalau asilimia 49 katika muda huo. Ikisuasua au ikaganda palepale, tunaingiwa na shaka. Shaka tu, kwa sababu zipo mimba za nje zinazopanda vizuri kama za ndani, na zipo zinazoshuka. Ikivuka 3,500 na altrasaundi ya ukeni bado haioni mfuko wa mimba, shaka inakuwa nzito, ingawa mapacha wameshatupotosha hapo.

Swali: Projesteroni je?

Jibu: Ikiwa chini ya nanogramu 5 kwa mililita, mimba hiyo haielekei kuishi. Ilipo, nayo haisemi. Mimi siiagizi kwa kila mtu. Pesa hiyo ni afadhali arudie hCG.

Swali: Nimechomwa methotreksati, dawa ya kutibu mimba ya nje, na siku ya nne namba imepanda!

Jibu: Hutokea, usishtuke. Tunalinganisha siku ya 4 na ya 7; tunataka ishuke angalau asilimia 15, kisha tunapima kila wiki mpaka iishe. Vidonge vya asidi ya foliki viache kwanza, vinaipunguzia dawa nguvu.

Swali: hCG yangu ni ndogo. Naweza kusubiri nyumbani?

Jibu: Kama huna maumivu na hospitali iko karibu, ndiyo. Ila mrija hupasuka hata namba ikiwa ndogo, hata ikiwa inashuka. Tumbo likikukata ghafla, ncha ya bega ikauma, au ukasikia kizunguzungu, nenda usiku huohuo. Usingoje saa 48 zitimie.