Je, Nyama Humwongezea Mtoto Akili? Funzo Kutoka Embu

Mara kwa mara utasikia kwamba chakula fulani "kimethibitishwa" kuongeza akili. Kesho yake mzazi yuko dukani akitoa pesa za karo kununua mkebe wa dawa ya nguvu. Kabla hujatoa pesa zako, jifunze kuupima utafiti wenyewe. Mfano mzuri ulifanyika hapa kwetu, Kyeni Kusini, Embu, kati ya 1998 na 2000.

Shule 12, makundi manne

Watafiti wa Chuo Kikuu cha Nairobi, akiwemo Profesa Nimrod Bwibo, na wa Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, akiwemo Daktari Charlotte Neumann, walifuatilia watoto wa darasa la kwanza katika shule 12. Shule ziligawanywa kwa kura. Kundi la kwanza lilipewa githeri yenye nyama ya kusaga, la pili githeri na maziwa, la tatu githeri iliyoongezwa mafuta. Vyakula vyote vitatu viliupa mwili nguvu karibu sawa. Kundi la nne halikupewa chakula.

Kwa nini kura? Kama wazazi wangejichagulia, huenda wenye uwezo wangechukua nyama. Watoto wao wakifaulu, ungejuaje kama ni nyama, au ni vitabu na taa nyumbani?

Kundi la nne nalo ni la kulinganishia. Mtoto huongeza maarifa kila mwaka hata asipolishwa shuleni. Bila kundi hilo, githeri ingepewa sifa za umri.

Akili hupimwaje?

Akili haiwekwi kwenye mizani. Watafiti walitumia jaribio la Raven, ambapo mtoto huonyeshwa mchoro uliopungukiwa na kipande, naye hutafuta kinachoufaa. Halihitaji kusoma wala kujua Kiingereza. Walipima pia hesabu na kuelewa maneno.

Waliokula nyama waliwashinda wengine wote katika michoro. Katika hesabu, kundi la nyama na lile la mafuta yalilishinda kundi lisilolishwa. Katika kuelewa maneno hapakuwa na tofauti. Kwa hivyo anayetangaza kwamba nyama huongeza akili amesema zaidi ya yaliyoonekana.

Mahali pana maana

Uliza pia: watoto hao waliishi wapi? Chakula chao kilikuwa hasa mahindi na maharagwe, nyama ikionekana kwa nadra. Wengi walipungukiwa na vitamini B12, ambayo hupatikana katika vyakula vitokanavyo na wanyama. Mtoto wa mjini Meru anayekula nyama kila wiki asitarajiwe kupata faida ile ile kwa kuongezewa.

Hata Embu na Meru si mahali pamoja. Juu karibu na Mlima Kenya kuna baridi na majani chai, chini yake kahawa, kisha unateremka hadi Mbeere na Tharaka, kwenye joto, ukame, mtama na ndengu. Huko chini malaria husumbua zaidi. Malaria na minyoo ya safura hupunguza damu, na mtoto asiye na damu ya kutosha husinzia darasani. Kumlisha nyama bila kumtibu ni kujaza maji mtungi uliotoboka.

La kufanya

Ikiwa mlo wa nyumbani ni githeri kila siku, ongeza nyama kidogo, yai, omena au maziwa, hata mara chache kwa wiki. Chai usimpe pamoja na chakula, kwani huzuia mwili kufyonza madini ya chuma. Mtoto akirudi nyuma masomoni, usimchape wala usimwite mjinga. Mpeleke apimwe damu, choo, macho na masikio.

Na ukiletewa habari ya chakula cha ajabu, uliza maswali manne: walilinganishwa na nani? Waligawanywaje? Ni nini hasa kilichopimwa? Na ilikuwa wapi? Muuzaji akikosa majibu, rudisha pesa zako mfukoni.